Wimbo wa Mimba ya Kahawa

Gari lilipopunguza mwendo kwenye kona ya Isingiro, Sperancia alisikia wimbo wake ukiimbwa na watu asiowajua. Wanawake watano walikuwa wameinama juu ya turubai kando ya kanisa, wakigeuza kahawa kwa viganja, na sauti zao zilipanda na kushuka palepale alipokuwa akipanda na kushuka yeye. Maneno yalikuwa ya Kinyarwanda, hakuyaelewa. Lakini lahani ilikuwa ileile, hata ule mteremko wa mwisho uliokuwa ukiwatoa watu machozi ya kicheko kule chuoni. Mtu alikuwa ameuiba.

Nyuma yake wenzake walikuwa wakitaniana, hawana habari. Walijiita Kundi la Katogo, kama ule mseto wa ndizi na maharage, wanafunzi wa tawi la chuo kikuu pale Kayanga, na siku hiyo, baada ya misa, walikuwa wakipeleka mchezo wao wa kuchekesha nje ya chuo kwa mara ya kwanza. Mchezo ulihusu mlanguzi aliyejifanya mama mjamzito ili avuke mpaka wa Murongo na mfuko wa kahawa tumboni, akaangukia mikononi mwa afisa forodha mwenye huruma kupita kiasi, anayeng'ang'ania kumpeleka zahanati. Utungu wa uongo unapoanza, mlanguzi anaimba. Wimbo huo ndio uliompa Sperancia jina. Kabla yake alikuwa binti wa afisa kutoka Muleba, mwenye sauti ya wastani na maneno mengi. Sasa hata wahadhiri walimwita mtunzi. Kama wimbo ulikwishafika mtaani, nani angemwita hivyo tena?

Hakuhitaji kufikiri sana kujua nani kauvujisha. Dusabe, mpiga ngoma, alikuwa mzaliwa wa hapohapo Isingiro.

Kwa muda mrefu kimya cha Dusabe kilikuwa kikimkera. Wengine walipocheka, yeye aliangalia ngoma yake. Simu yake haikukoma kurekodi mazoezi. Halafu kulikuwa na ile siku Sperancia alipomkuta nyuma ya ukumbi, simu ya kuazima sikioni, akiongea Kinyarwanda kwa sauti ya chini, kisha akaisogeza simu yake karibu nayo, na wimbo ukasikika ukichezwa. Alipomwona, aliizima haraka kama mtu aliyefumaniwa. Tangu hapo kila alilofanya lilikuwa ushahidi. Akichelewa, alikuwa na njama. Akiwahi, alikuwa na njama zaidi.

Walipofika nyuma ya kanisa, Cassian, mwigizaji wa mlanguzi, alianza kujifunga mimba yake kwa vitenge viwili. Sperancia hakungoja ngoma zishushwe.

"Dusabe, umeuza wimbo wangu."

"Nimemuuzia nani?"

"Usinifanye mjinga. Hao akina mama pale wanauimba. Nani mwingine ana ndugu hapa? Nilijua tu. Nyie watu hamuaminiki."

Cassian aliacha kufunga kitenge. Hakuna aliyeuliza watu gani, maana kila mmoja pale alijua. Dusabe alikuwa amezaliwa kijijini hapo, baba yake pia, lakini ilitosha ataje jina lake kamili la Kinyarwanda ili mtu amwulize ametokea wapi.

Dusabe aliishusha ngoma taratibu. "Lahani hii uliipata wapi, dada?"

"Niliamka nayo. Niliwaambia wote."

"Uliamka nayo. Jana yake nilikuwa juani nakaza ngozi ya ngoma. Wewe ulikuwa kivulini unakula ndizi. Nilikuwa naimba nini?"

Sperancia aliuona tena ule mchana: harufu ya ngozi, kamba zikivutwa, na mvumo mdogo wa sauti ambao hakuujali kwa kuwa aliyekuwa akiuimba hakuwa mtu wa kujaliwa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kujificha.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Mlikuwa mnacheka. Nikajiuliza, kwani lazima wimbo huu ubaki wa kilio? Sikuwa na jibu, nikampigia mwenye wimbo."

Mwenye wimbo alikuwa bibi yake, yule mkongwe kati ya wale watano. Sperancia alimfuata pamoja na Dusabe, akapiga goti kandokando ya turubai kama alivyofunzwa kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe unaimba?" Bibi hakuacha kugeuza kahawa. "Mjukuu alinisikilizisha. Ulikuwa wimbo wa njia huo. Tulipokimbia kutoka Rwanda, mama yangu aliimba, sisi nyuma tunaitikia, watoto wasikae chini. Mdogo wangu alikaa chini."

"Bibi, tuuache? Tutauondoa leo hii."

Bibi aliokota jani kutoka kwenye kahawa, akalitupa. "Nyinyi mnauimba mbiombio. Sisi tuliimba polepole kwa sababu ya mizigo kichwani. Nyinyi hamna mizigo. Imbeni."

Akarudi kwenye kazi yake. Wanawake wengine hawakuinua macho. Sperancia alibaki amepiga goti, akiyapima maneno yale upande huu na upande ule. Ilikuwa ruhusa? Au alikuwa ametukanwa kwa upole, mbele ya watu, naye anataka kushukuru? Alimtafuta Dusabe usoni apate tafsiri, hakupata kitu.

Misa ilipokwisha watu walijaa uwanjani. Bibi alikaa mbele kwenye mkeka, mikono mapajani. Cassian, mimba ikiwa imemlalia upande mmoja, alishika kipaza sauti kufungua shughuli, na watoto wakaanza kucheka kabla hajasema neno.

"Usinitangaze mimi," Sperancia alimnong'oneza. "Wimbo ule sikutunga mimi."

"Nimtangaze nani sasa?"

Alimgeukia Dusabe, aliyekuwa ameketi nyuma ya ngoma. Ndipo alipogundua kwamba alikuwa amepiga goti mbele ya mtu, akataka kumfutia wimbo, akapima maneno yake kama hakimu, na hakuwa amemwuliza hilo moja.

"Bibi yako anaitwa nani? Jina lake kamili."

Fimbo za Dusabe zilisimama hewani. Watu walikuwa wakingoja. Alimwangalia usoni, kisha kipaza sauti, kisha ule umati wenye wazee wa kijiji na maofisa wa serikali waliokaa kwenye viti vya plastiki, watu wa kuuliza mtu ametokea wapi, kisha akamrudia yeye, akimpekua kwa macho yaleyale ambayo Sperancia alikuwa amempekua nayo kwa wiki nyingi.

"Unalitaka la nini?" aliuliza.