Gunia la Nyumba Arobaini na Moja

Kwenye televisheni, mchambuzi ni mtu wa tai anayekueleza kwa nini timu yako imefungwa. Kwenye kituo cha taka cha mtaa, Mchambuzi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye aproni ya mpira na glavu zinazofika viwikoni, na alichoeleza yeye ni kwa nini nyumba yako inanuka. Tofauti yao ni kwamba huyu wa kituoni hakuwa akikosea.

Angefungua gunia lako mara moja tu akakusomea maisha yako kama gazeti. Hawa wamegombana, sufuria nzima ya wali imemwagwa. Huyu ameacha pombe. Huyu anasema ameacha. Hawa wa nyumba namba ishirini na tatu wana mgeni, na mgeni mwenyewe si wa kuondoka kesho, maana kanunuliwa mswaki.

Zamani mahali pale palikuwa jalala tupu. Moshi asubuhi, moshi jioni, na nzi wanene wasioogopa mtu. Wenye maduka ndio waliochoka kwanza, kwa sababu mteja hawezi kuchagua kitambaa huku ameshika pua. Wakakaa na wakazi, wakamwita na mwenye kiwanda cha matofali ya plastiki. Vikao vilikuwa saba, na kimoja kiliishia kwa muuza nyama na fundi cherehani kununiana mpaka leo, lakini mwafaka ukapatikana. Kila nyumba ipewe magunia mawili yenye namba yake: la njano la vitu vikavu, la kijani la vinavyooza. Kiwanda kichukue plastiki, wenye bustani wachukue mboji, wenye maduka wagharimie paa na mizani. Wale waliokuwa wakiokota jalalani waajiriwe, wapewe glavu.

Na wakaweka adabu. Ukichanganya taka, unapata karatasi nyekundu, na namba ya nyumba yako inaandikwa kwenye ubao nje ya duka la dawa, ambako hata mwenye afya hupita. Ukifikisha karatasi tatu, mchambuzi anakuja nyumbani kwako kukupa somo, nawe ni lazima umfungulie mlango.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyomkaa Mchambuzi rohoni. Maana katika nyumba namba arobaini na moja, juu ya mteremko, aliishi mdogo wake, na mdogo wake hakuwahi kupata karatasi nyekundu hata moja.

Walikuwa wawili tu, tumbo moja, ziwa moja, na wazazi wote wamekwisha kutangulia. Mkubwa ndiye aliyemlea mdogo. Jalala lile lile la nzi ndilo lililomlipia ada ya shule, daftari hadi daftari. Kisha wakaja wakwe kuleta posa. Watu kumi na wawili, viatu vimepangwa mlangoni kama dukani. Mdogo akamvuta dadake jikoni, akamnong'oneza, "Dada, wakikuuliza, sema unafanya kazi ofisini."

Dada alirudi sebuleni, akasubiri kuulizwa, na alipoulizwa akasema, "Mimi kazi yangu ni jalalani. Hata makochi mliyokalia nimeyaokota huko, nikayashonea vitambaa." Wakwe wakanyanyuka kidogo, wote kumi na wawili kwa pamoja. Naye akachukua mkoba wake akaondoka bila kuonja chakula alichokipika mwenyewe.

Posa ilipita, ndoa ikafungwa. Yeye hakwenda. Ikapita miaka minne na ushee bila salamu, na njia ya kutoka kituoni hadi arobaini na moja ilikuwa dakika tisa kwa miguu. Aliwahi kuipima. Alifika hadi kwenye nguzo ya umeme, akageuka.

Basi akabaki kuwasoma. Mkokoteni ukileta magunia ya mteremkoni kila Alhamisi, yeye aliliweka kando lile la arobaini na moja, akalifungua mwisho, wenzake wakiwa wamekwenda kunawa. Ndani ya gunia ndiko alikojua kwamba amekuwa mama mkubwa: makopo ya maziwa ya unga, halafu nepi. Alijua mtoto ameota meno, kwa kijiko cha plastiki kilichotafunwa. Alijua ni msichana, kwa kibanio cha nywele kilichovunjika. Siku moja akakuta kiatu kimoja, kidogo, soli imetoboka kidoleni. Akakipima kwenye kiganja. Wiki zilizofuata alijikuta akitazama miguu ya watoto wote wa mtaani, akitafuta yenye kukaribia kipimo kile.

Na gunia lenyewe lilikuwa safi kupita kiasi. Makopo yameoshwa kama sahani za wageni. Kioo kikivunjika, kimefungwa kwa magazeti mara tatu, na juu yake kumeandikwa kwa kalamu, KIOO, ANGALIA MKONO. Mchambuzi aliujua mwandiko ule, ni yeye aliyeufundisha. Alichoshindwa kuchambua, pamoja na umaarufu wake wote, ni kama maneno yale aliandikiwa yeye au aliandikiwa mchambuzi yeyote.

"Dada, hilo gunia unalifungua kama barua," alisema Pua. Huyu alikuwa mwenzake wa meza, mwanamke mfupi aliyeitwa hivyo kwa sababu alitambua samaki wa siku tatu kutoka getini.

"Nafanya kazi yangu."

"Kazi yako unaifanya huku unalia?"

"Ni vitunguu."

"Hilo ni gunia la njano." Pua akavuta ndoo akaikalia. "Si uende tu. Mguu wako una gundi?"

"Niende nikaseme nini?"

"Sema hodi. Watu huanzia hapo."

"Aliyeondoka kwa hasira hawezi kurudi bila sababu, Pua. Nitaonekana nimekwenda kuomba chumvi."

"Basi endelea kusoma taka. Mtoto ataolewa, nawe utaonea harusi kwenye gunia."

Maneno yale yalimwingia. Alhamisi iliyofuata, meza ikiwa tupu, Mchambuzi alifanya jambo ambalo mwingine angefukuziwa kazi. Alichukua maganda ya ndizi aliyokula mchana, akayatupa ndani ya gunia la njano la arobaini na moja, akayakoroga na magazeti. Kisha akatoa kijitabu, akaandika karatasi nyekundu: maganda ya ndizi kwenye gunia la njano. Aliandika kwa haraka hata namba moja ikaonekana kama saba, akalazimika kuandika upya. Wiki ya pili akarudia. Safari hii aliandika mara moja tu, bila kukosea, na hilo lilimtisha zaidi.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia nje ya duka la dawa. Alikwenda kununua dawa ya kichwa akawakuta wanawake watatu mbele ya ubao.

"Hata arobaini na moja? Yule anayeosha makopo kwa sabuni ya maji?"

"Aliyekuwa anatufundisha sisi wote mteremkoni?"

"Mwache. Usafi wa kujionyesha hauna miguu, haufiki mbali."

Wakacheka. Mchambuzi akasahau dawa, na kichwa nacho kikasahau kuuma, maana sasa kilichouma kilikuwa chini zaidi, karibu na moyo. Aliapa pale pale kwamba wiki ya tatu hatagusa kitu. Karatasi mbili zingefutika mwisho wa mwezi, mdogo wake angerudi kuwa malkia wa makopo, na yeye angerudi kusoma. Bora kukosa mlango kuliko kuuvunja.

Alhamisi ikafika. Akafungua gunia la njano la arobaini na moja, mikono ikiwa mitupu na roho ikiwa safi.

Ndani kulikuwa na majani ya chai. Chini ya majani ya chai, wali wa jana. Chini ya wali, gazeti lililolowa, halafu maganda ya viazi, halafu gazeti jingine. Alivua glavu moja akasugua macho kwa mkono mkavu, akatazama tena. Ilikuwa fujo, lakini fujo iliyopangwa kwa tabaka, kazi ya mtu asiyejua kuchafua. Katikati ya wali kulikuwa na kopo la maziwa, nalo lilikuwa limeoshwa.

Pua alikuja akanusa. "Hizo siyo takataka," alisema. "Huo ni wito."

Bwana Mizani, mkuu wa kituo, alikuwa mtu wa kupima kila kitu, hata maneno. Alisoma orodha mwisho wa siku. "Arobaini na moja, karatasi tatu. Ziara ya somo Jumamosi. Pua, wewe unakaa upande ule, utakwenda."

"Mguu unaniuma, Bwana Mizani."

"Jana nilikuona unacheza muziki."

"Ndiyo maana unauma."

Bwana Mizani akawatazama wote wawili, akapima ukimya uliokuwepo, akauona mzito. "Basi Mchambuzi," alisema, na kumpa fomu.

Jumamosi saa nne asubuhi Mchambuzi aliipita ile nguzo ya umeme. Alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi, na alioga mara mbili, ingawa ziara yenyewe ilikuwa ya kwenda kushika taka. Mlangoni akasema hodi, sauti ikatoka ya mtu mwingine.

Aliyefungua alikuwa na urefu wa kufikia kitasa tu. Mchambuzi hakuutazama uso kwanza. Alitazama miguu. Ilikuwa imekua kuliko kiganja chake.

"Mama," mtoto aliita ndani, "bibi wa taka amekuja."

"Huyo si bibi wa taka," sauti ikajibu jikoni. "Ni mama yako mkubwa."

"Mkubwa kuliko wewe?"

"Kwa miaka sita." Mdogo wake alitokea akifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele zake zilifungwa vile vile kama za marehemu mama yao. "Na kwa kiburi, lakini hapo tunakaribiana. Karibu, dada."

"Nimekuja kikazi," alisema Mchambuzi, kwa kuwa hakuwa na neno jingine tayari.

"Basi tufanye kazi."

Wakatandaza gazeti sakafuni, katikati ya sebule yenye kochi jipya, wakamwaga taka za wiki. Mtoto akachuchumaa kati yao, shahidi wa pande zote mbili.

"Hili ni kopo," alianza Mchambuzi.

"Alaa."

"Linakwenda gunia la njano."

"Hata likiwa limeoshwa?"

"Hasa likiwa limeoshwa."

"Na mimi nakwenda wapi?" mtoto akauliza.

"Wewe huogi mpaka ufukuzwe," alisema mama yake. "Kijani."

Mchambuzi akacheka, na kicheko kikamtoka pamoja na lile alilokuja amelifungia kinywani. "Karatasi mbili za kwanza hukustahili. Niliweka mimi. Maganda ya ndizi."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Nyumba hii ndizi haiingii. Shemeji yako akila kipande, macho yanavimba kama ya chura. Miaka minne unafungua magunia yetu, hukuona kuwa hatuli ndizi?"

Mchambuzi alikuwa amesoma kila kilichokuwemo, hakusoma kisichokuwemo. "Ulikwenda ubaoni?" aliuliza.

"Naupita kila asubuhi. Wananicheka mpaka wanapishana kwa zamu." Mdogo alichukua chupa, akaikagua, akaiweka mahali pake. "Wiki ya kwanza nilikasirika, nikataka kuja kituoni nikupigie kelele. Wiki ya pili nikakaa nikahesabu. Mimi nilikuficha mbele ya watu kumi na wawili. Wewe umenianika mbele ya mtaa mzima. Nikasema tumetoka sare. Wiki ya tatu nikaona unachelewa, nikaweka wali."

"Ungekuja tu, wewe."

"Nije na uso gani? Kila nikifunga kioo naandika, nikisema labda utajibu. Kioo hakijibiwi, dada."

Wote wawili wakainamia taka, maana taka hazikudai watazamane. Mtoto akawapangia vizibo vya chupa kwa rangi. Rundo lilikwisha haraka mno. Mdogo alikuwa na mkono mwepesi kuliko wachambuzi wote wa kituoni, na kabla maji ya chai hayajachemka gazeti lilikuwa tupu, hakuna kilichobaki cha kufundisha. Mchambuzi alilitazama gazeti lile kwa uchungu. Alitamani ingekuwepo walau chupa moja ya kubishania.

Akatoa fomu. Ilikuwa na swali moja tu, la Bwana Mizani mwenyewe: Mwenye nyumba ameelewa somo? Ndiyo, ziara imekwisha. Hapana, mchambuzi arudi Jumamosi ijayo.

"Andika hapana," alisema mdogo wake.

"Nitaandikaje hapana? Umechambua kunishinda."

"Mimi mgumu kuelewa. Si ulikuwa ukisema tangu nikiwa darasa la pili?"

"Namba yako itabaki ubaoni."

"Ibaki."

"Watacheka."

"Wamezoea. Wasipokuwa na mimi watamcheka nani?"

Mchambuzi alishika kalamu muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. Kisha akaandika Hapana, na kwenye nafasi ya maoni, kwa kuwa Bwana Mizani hupenda maelezo, akaongeza: anahitaji muda.

Walikunywa chai, wakazungumza juu ya bei ya sabuni na jirani aliyefuga kuku bila banda. Hayo mengine, ya mama yao, ya harusi, ya usiku ambao mtoto alizaliwa bila dada kuwepo, yalikaa nao mezani bila kuguswa, kila moja likingoja Jumamosi yake. Mtoto alimsindikiza hadi mlangoni, akampa kizibo chekundu ajue pa kukiweka.

Akateremka. Alipofika kituoni, Pua aliisoma fomu, akamuuliza Jumamosi ijayo ni lini. Mchambuzi akasema ni baada ya siku saba, na tayari siku ya kwanza ilikuwa ikionekana ndefu.