Rangi Isiyonuka

Soko huria lilipofika Kilosa, kila mwenye pipa na mwiko alijiita kiwanda. Lupakisyo alikuwa na mapipa mawili, kwa hiyo alijiita kampuni. Alichanganyia rangi za kuta uani kwa mama mkwe wake, Bi Yusrah, na rangi zile zilinuka hadi majirani wakahamishia maongezi yao mtaa wa pili.

Kisha kambi za watalii kule Mikumi zikaja na masharti: rangi haiingii vyumbani bila nembo ya mazingira, na nembo hapewi mtu ambaye rangi yake inatoa mvuke wenye sumu. Wateja wengine walishakimbilia makopo ya kutoka nje. Akiikosa nembo, Lupakisyo angerudi kulima mpunga Tindiga, kazi aliyoichukia tangu utotoni.

Akaachana na tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, akashika chokaa, udongo mwekundu wa Masanze na gundi ya maji. Mchanganyiko wa kwanza aliutia unga wa muhogo, ukaliwa na mende. Wa pili aliutia chumvi, ukarambwa na ng'ombe wapita njia. Wa tatu ukashika, tena bila harufu. Akaipaka sebule ya mama mkwe.

Bi Yusrah, ambaye tangu harusi hakuwahi kumwita ila "fundi", aliunusa ukuta, akaunusa tena.

"Fundi, hii ni rangi au maji ya kuoshea mchele?"

"Ni rangi, mama. Sifa yake ndiyo hiyo, hainuki."

"Haya. Kizuri chajiuza, ila hiki chako hakina hata sauti."

Mkaguzi, bwana Thadeo, akaja na koti zito na kidude cha kupimia mvuke. Bi Yusrah akalipokea koti, akamketisha barazani kwa chai na maandazi. Aliposhiba akalivaa tena, wakaingia sebuleni. Kidude kikapiga kelele utadhani kimekanyagwa.

"Sumu tupu," Thadeo akasema, akachomoa kalamu.

Lupakisyo alikuwa ameshanusa. Koti lilinuka udi, ule anaofukiziwa bibi harusi na mgeni wa heshima. Neno moja tu lingemwokoa, lakini lingemwaibisha mama mkwe mbele ya mgeni, na mkwe hamuumbui mkwe. Roho ilimuuma, mpunga wa Tindiga akauona unamsubiri.

"Bwana mkubwa, vua koti," Bi Yusrah akasema kutoka mlangoni, chetezo kingali mkononi. "Nimelifukiza mimi."

Koti likapelekwa uani. Wakasubiri hewa itulie, Thadeo akapima ukuta mmoja mmoja, na kidude hakikutoa hata mguno. Akasaini.

Walipobaki wawili, Lupakisyo akauliza, "Lakini kwa nini, mama?"

Bi Yusrah alikuwa akizima makaa kwa maji, hakumtazama.

"Umehangaika na mapipa yale msimu mzima, halafu mtu aingie asinuse kitu? Angedhani hukufanya kazi, mwanangu."