Nimebanwa

Tezi dume yangu walinitoa mwaka 1975, mwaka ule wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Nayaandika haya kwa sababu mpaka leo wapo wanaosema kwamba mimi, Silvano, niliwaamuru wanawake kuvunja watu mifupa. Sikuamuru. Nilitamka neno moja.

Karibu mwaka mzima nilikuwa nakojoa matone, nimesimama nyuma ya migomba kama mtu anayesubiri barua. Siku mkojo ulipokata kabisa, tumbo likajaa kama ngoma, wakanibeba hadi hospitali ya misheni. Daktari akanichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa, akanipasua chini ya kitovu huku nikisikia vyuma vikigongana. Baadaye akanionyesha bakuli: vipande viwili vya nyama, kila kimoja kama limau.

"Hii ndiyo iliyokuwa imekukaba, mzee."

Niliitazama kwa chuki. Maadui ninao wengi, lakini wa kuishi ndani yangu na kula chakula changu, huyo alikuwa wa kwanza.

Nililala na mpira uumeni na mwingine tumboni, maji ya kusafisha kibofu yakishuka kutoka kwenye chupa. Yalitoka mekundu kama ya machinjioni, kisha ya waridi, kisha rangi ya chai. Siku ya tisa wakavuta mpira wa mwisho, nikajikojolea kitandani kama kichanga. Muuguzi wetu alikuwa Sista Paskalina, Mngoni wa Songea, mwanamke wa mikono mikubwa na maneno machache.

"Baba Silvano, misuli imelegea. Tuifundishe. Bana, hesabu tano, achia."

"Sibani."

"Kwa nini?"

"Kwetu neno hilo ni baya, Sista."

Kwetu Usambara kubana ni kuharibu, kuvunja. Kubana shi ni kuiua nchi: mvua igome, mahindi yakauke, watoto wafe. Mwingereza alipotulazimisha kuchimba matuta kwenye miteremko, wanawake walimpigia kelele kwa neno hilohilo. Mimi na rafiki yangu Salimu tulitiwa pingu moja, mkono wake wa kulia na wangu wa kushoto, tukachapwa viboko kumi na viwili mbele ya wake zetu. Salimu alikuwa akihesabu kwa sauti ili askari asituibie. Ameshafariki. Viboko vyake bado navihesabu.

Sista alicheka. "Sisi Songea tunabana mlango, tunabana nywele, na nchi ipo. Bana, Baba!"

Nikageukia ukutani.

Siku ya kuniruhusu, daktari alitukalisha mimi na mke wangu Klara. Wiki sita nisiinue kitu, nisishike jembe, nisijikamue chooni, na Klara nimwache alale kwa amani. Maji ninywe mengi. Damu kidogo ikionekana wiki ya tatu nisishtuke, ni kidonda kinabanduka. "Lakini yakitoka mabonge na mkojo ukakata, mje siku hiyohiyo. Mkingoja, atakufa." Akaandika yote kwenye cheti.

Wiki ya nne, mgambo walikuja. Kamanda wao alikuwa Mbaraka, mtoto wa Salimu yule wa pingu. Alisimama mlangoni pangu na fimbo, asiniamkie. Mtoto niliyembeba mgongoni, hakuna shikamoo!

"Shamba la kijiji, Silvano. Leo kila mtu matuta."

Nilimpa cheti. Alikisoma mpaka mwisho, midomo ikicheza.

"Hiki cha mwezi uliopita. Mwenzetu umeshapona."

"Kimeandikwa wiki sita. Zimekwisha tatu na siku mbili."

"Kufa na kupona, mzee. Chagua moja." Wenzake wanne, mmoja na bunduki begani, wakacheka. "Au ni kweli walivyosema? Walikukata vyote? Basi wewe si mgoshi tena. Kalime na wanawake!"

Mgoshi kwetu ni mwanamume. Ndilo jina tunaloitana njiani.

"Baba yako alichapwa akikataa matuta haya haya," nikasema. "Wewe fimbo ile ile umeiokota wapi?"

Teke lake lilinipata chini ya kitovu, juu ya kovu. Nilisikia kitu kikiachia ndani, kama mshono wa gunia. Klara alimrukia, wakamsukuma, akaangukia mafiga. Waliniinua kwa kwapa, wakanipandisha mteremko, wakaniweka kwenye mstari wa wanawake kama arobaini, na jembe mkononi.

Nililima. Sitadanganya kwamba niligoma kishujaa. Kila nilipoinua jembe, fimbo ilinipumulia shingoni. Kila nilipolishusha, joto lilinishuka mapajani. Suruali yangu ya kaki ikawa nyeusi. Asha, jirani yetu, aliyekuwa kulia kwangu, alisema, "Mbaraka, huyu anachinjwa, humwoni?" Akapigwa fimbo ya mdomo, akatema jino kwenye tuta.

Damu ikakata. Nilifurahi, mpumbavu mimi. Kisha nikaelewa: haikukauka, imeziba. Nikajaribu kukojoa palepale, likatoka bonge moja jeusi, basi. Tumbo likaanza kupanda. Maumivu yale nayajua, lakini safari hii yalikuja na kisu ndani. Maneno ya daktari yakanirudia: siku hiyohiyo. Nikatupa jembe, nikashika tumbo, nikapiga ukelele kwa nguvu zote za mtu asiyetaka kufa:

"Nimebanwa! Jamani, nimebanwa!"

Kiswahili hicho. Mtu wa Tanga mjini angenionyesha choo.

Lakini juu ya mteremko walikuwa wanawake wa Kishambaa, waliozaliwa na kuolewa katika neno hilo, na waliona mzee ana damu hadi visiginoni. Klara ndiye aliyeanza. Alikuwa amenifuata, uso umevimba kwa figa. Aliupitisha mpini wa jembe kwenye mkono wa Mbaraka, nikausikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Hapo mstari wote ukageuka. Walipiga kwa mipini, kwa mawe, kwa meno. Mgambo mmoja alibingirishwa mpaka kwenye kijito, akabaki amekaa majini, amekumbatia kichwa. Bunduki yao moja Asha aliipasua kitako juu ya jiwe, mara tatu, huku mdomo ukimtoka damu. Mbaraka alilia, "Mama! Mama!" Mama yake alikuwemo mstarini. Alimtazama tu.

Wakafunga machela ya miti na kanga, wakanikimbiza hospitali. Daktari alipitisha mpira, akavuta kwa bomba la sindano kubwa mabonge kama maini, akasukuma maji ya chumvi, akavuta tena. Mkojo ulipofunguka nililia bila aibu.

Walimleta Mbaraka jioni, mkono kwenye plasta. Wodi ya wanaume ni moja, akalazwa kitanda cha pili. Asubuhi akaja askari polisi, mgeni wa Mwanza. Klara, Asha na wengine watano walikuwa mahabusu bomani.

"Mzee, inasemekana ulitoa amri. Ulisemaje?"

"Nilisema nimebanwa."

Aliutazama mpira, akaitazama chupa nyekundu. "Na mkojo?"

"Na mkojo."

"Muongo!" Mbaraka alijiinua. "Afande, kwa Kishambaa neno hilo ni…"

"Wewe umemlimisha mtu mwenye cheti cha daktari, na cheti ninacho hapa, mkewe amenipa," askari alisema. "Ukibanwa, wewe unaimba?" Akaandika: mgonjwa alibanwa na mkojo, hakuna uchochezi. Wanawake waliachiwa siku ya tatu. Asha alirudi bila jino, Klara akitembea kwa fimbo.

Mpira ulipotolewa, Sista Paskalina alikuja na kiti chake.

"Baba Silvano, leo utabana?"

"Leo nitabana, Sista."

"Moja, mbili, tatu…"

Nilimgeukia Mbaraka, nikamkazia macho. Mkono wangu wa kushoto bado una alama ya pingu ya baba yake. Nilibana. Sista alifika tano, akasema achia. Mimi niliendelea kuhesabu, kwa sauti, kama Salimu, mpaka kumi na mbili. Mbaraka akavuta blanketi, akajifunika uso.