Tone la Mwisho la Sungura wa Kwanza

Olfa aliosha beseni lililokuwa safi, akapanga upya chupa zilizokwisha kupangwa, na bado saa ya maabara haikulia. Keshokutwa angesimama mbele ya watahini, hapo chuoni Sfax, kutetea tasnifu yake: kwamba kipokezi cha histamini, kemikali ya mwili inayochochea asidi, kinachojulikana kukaa katika seli za tumbo zinazotoa asidi, yeye alikikuta hata katika neva za tumbo la wagonjwa. Ushahidi wake ulikuwa rangi ya kahawia. Kingamwili iliyotolewa katika damu ya sungura hukinasa kipokezi, na inaponasa, rangi hutokea.

Lakini damu ya sungura hubeba kingamwili za kila namna, na nyingine hunasa visivyozihusu. Ndiyo maana maabarani walikuwa na jaribio waliloliita kumshibisha sungura: kingamwili huchanganywa kwanza na kipande kilekile cha protini ya kipokezi alichodungwa sungura ili aitengeneze. Ikishashiba, haina nafasi ya kunasa kipokezi. Kahawia ikibaki, ni ya uongo. Olfa hakulifanya. Chupa ilikuwa ndogo, naye aliyabania matone. Kisha ikaja chupa mpya, ya sungura mwingine, na neva hazikushika rangi kabisa.

Sasa tone la mwisho la sungura wa kwanza, lililokwisha kushibishwa, lilikuwa juu ya kioo chenye kipande cha tumbo la mgonjwa.

Wissem, mwenzake wa meza ya pili, alimsihi aketi, maana alikuwa akimtia kizunguzungu. "Sungura mwenyewe alishakufa zamani, bibie. Wewe ndiye unayerukaruka."

"Niache, Wissem."

Saa ikalia. Chini ya hadubini, kahawia ilikuwa imetoweka katika seli za asidi, kama alivyotumaini. Akasogeza kioo hadi kwenye neva. Kahawia tele. Akafuta lenzi, akatazama tena, kisha akampisha Wissem.

Wissem aliinama na mzaha wake mdomoni, akaziona neva, akauacha. Alisema huenda watahini wasiulize habari za jaribio hilo. Mwaka jana hawakumwuliza mtu.

"Na mgonjwa atakayepewa dawa kwa sababu ya neva zangu?"

Wissem alijikuna shingo. "Basi wahi. Profesa Nejib akishakula, hasikii la mtu."

Olfa alichukua vioo, cha zamani na cha leo, akatoka akikaribia kukimbia. Mlangoni kwa Profesa, msimamizi wa tasnifu yake, aligundua kwamba hakuvua glavu. Akabisha hodi nazo hivyohivyo.