Tarehe Juu ya Mlango

Kompyuta za shule zilikuwa kumi na mbili, zilizokubali kuwaka zilikuwa tisa, na wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa thelathini na sita. Mwalimu wa jiografia alishaizoea hesabu hiyo: wanne wanne kwa kila kioo, na kelele za kugombea kipanya. Alhamisi hiyo alitaka kuwaonjesha elimu ya ardhi kwa njia ya mtandao, maana kitabu chao kilikuwa na picha moja tu ya mlima, nayo imefifia utadhani imechorwa kwa chai. Zoezi lilikuwa jepesi. Watafute dalili za kilima kinachotaka kuporomoka, waziandike ubaoni, halafu watoke wakakague kilima kilichokuwa nyuma ya shule. Hakutegemea wakute kitu. Alitaka wanyooshe miguu tu.

Ubao ukajaa. Miti iliyoinama. Nyufa zinazopanda ukutani kama ngazi. Maji yanayochuruzika mahali palipokuwa pakavu. Dalili ya mwisho ilisomwa na msichana waliyemwita Kamusi, kwa tabia yake ya kuuliza maana ya kila neno.

"Milango na madirisha huanza kugoma kufunga." Akageuka. "Mwalimu, mlango wa bweni letu unagoma. Kila siku tunamwita Fundi."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, ila kicheko chake hakikufika mbali. Fundi wa shule alikuwa baba yake mzazi.

Bweni la chini lilijengwa pale kilima kilipochongwa ili kupata uwanja, na wasichana arobaini walilala humo. Mvua ilikuwa imenyesha siku kumi na moja. Wanafunzi walizunguka na orodha zao wakitaniana, kisha utani ukaanza kupungua. Miti nyuma ya bweni ilikuwa imeinama yote upande mmoja. Ukutani palikuwa na ufa uliozibwa kwa saruji na kupakwa rangi mpya kwa ajili ya wakaguzi, na rangi yenyewe ilikuwa imeshapasuka. Kwenye ngazi maji yalichuruzika, na mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi.

Mwalimu akaagiza kiti, Kamusi akapanda, achungulie ukingo wa juu wa mlango. Mwalimu alijua kuna nini huko. Baba yake, kila mlango alioupiga randa, aliandika kwa penseli huko juu tarehe na unene aliouondoa, ili siku akiambiwa hafanyi kazi awe na la kujibu. Hata milango ya nyumbani kwao aliiandika hivyo.

"Mwaka juzi, mara moja," Kamusi alisoma, akinakili kwenye daftari. "Mwaka jana, mara tatu. Mwaka huu..." Akawa anahesabu kwa kidole. "Mara tisa. Nne ni za mwezi huu."

Hakuna aliyecheka. Mbao haikuwa inavimba kwa mvua. Ukuta ndio uliokuwa unasogea, na juu ya ukuta huo kilikuwa kilima kizima.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, daftari mkononi. Mkuu alimsikiliza huku akipanga mafaili ya ukaguzi.

"Mwalimu, mtandao huohuo si ndio uliosema kitunguu kinaotesha nywele?" Akajipapasa upara. "Haya, niangalie. Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Niwaambie nimehamisha wasichana arobaini kwa sababu mlango unakwaruza? Kanuni iko wazi: wanalala kwenye bweni lililosajiliwa, lenye mlango unaofungwa kwa komeo. Nitaandika barua, waje wataalamu wapime."

"Lini, mkuu?"

"Baada ya ukaguzi."

Alimkuta baba yake karakana, ananoa randa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Mbona umepauka hivyo?"

"Ule mlango wa bweni la chini una nini?"

"Mbao mbichi ile. Mvua ikinyesha inavimba."

"Miaka mitatu inavimba? Mbao gani hiyo isiyoshiba, baba?"

Akamwekea daftari mbele. Mzee alivaa miwani, akasoma tarehe zake mwenyewe taratibu kutoka juu hadi chini, kisha akarudia. Alipomaliza aliweka kidole kwenye mistari ya chini.

"Hizi nne za mwisho," alisema, "nilitoa kona ya juu tu. Mbao ikivimba, inavimba yote. Hii inabanwa." Akavua miwani. "Kilima kinasema, mimi nakinyamazisha kwa randa. Na watoto wamelala humo. Mkuu kasemaje?"

Akamweleza.

"Lenye mlango unaofungwa," Fundi alirudia. Akachukua bisibisi, akatoka.

Saa kumi jioni milango yote miwili ya bweni ilikuwa imeng'olewa kwenye bawaba na kuegeshwa karakana. Matroni alipiga kelele shule nzima ikasikia. "Wasichana wangu walale wazi kama bidhaa za sokoni? Thubutu!" Kabla giza halijaingia, magodoro arobaini yalikuwa bwaloni, kwenye mwinuko wa upande wa pili wa uwanja, mbali na kilima. Mkuu alifura kwa hasira, lakini kanuni ya mlango ilikuwa yake mwenyewe.

"Kesho asubuhi milango irudi," alimwambia Fundi. "La sivyo, tafuta kazi kwingine."

Mwalimu aliogopa kuwa amekosea, baba yake afukuzwe uzeeni kwa ajili ya zoezi la darasani. Na aliogopa zaidi kuwa hakukosea.

Ijumaa kulikucha na jua. Wasichana walikuwa bwaloni wakinywa chai. Mkuu alishuka hadi bwenini, mikono mgongoni, pamoja na Fundi na mwalimu waliobeba mlango mmoja kutoka karakana.

"Mnaona? Kilima chenu kipo palepale."

Baba na binti walinyanyua mlango, wakaupeleka kwenye fremu. Haukuingia. Ulikataa kwa upana wa vidole viwili.

"Si upige randa tu," mkuu alisema.

"Mkuu, jana saa kumi mlango huu ulikuwa bado unafunga, ingawa kwa kukwaruza. Nimeutoa kwa mikono yangu. Hivi vidole viwili vimekwenda wapi?"

Mkuu alisogea, akaweka kiganja kwenye fremu. Akakiondoa haraka, kama aliyeshika sufuria ya moto. Fremu ilikuwa inatetemeka. Ndani kitu kikalia, mlio mrefu, kama wa kitanda kinachoburutwa sakafuni, na hapakuwa na mtu ndani.

"Baba, uache mlango! Uache!"

Walikimbia. Mkuu ndiye aliyetangulia, viatu vikabaki kwenye tope. Mwalimu alimvuta baba yake kwa shati na hakugeuka, kwa sababu alihisi ardhi ikimtikisa nyayo na alijua akigeuka atasimama. Mngurumo haukuwa mrefu. Walipofika bwaloni ndipo walipotazama nyuma. Hapakuwa na bweni. Palikuwa na tope jekundu, mti mmoja umesimama katikati yake, na vumbi la saruji likishuka taratibu.

Mkuu aliwahesabu wasichana. Akapata arobaini. Akahesabu tena, akapata arobaini. Mara ya tatu alishindwa kufika ishirini, akakaa chini na soksi zake zilizolowa.

Fundi alichukua penseli sikioni, akatazama huku na huku kutafuta pa kuandika. Mlango ulikuwa umefukiwa. Akamwomba Kamusi daftari. Chini ya tarehe zake zote aliandika ya leo, na mahali pa unene akaandika: bweni zima.

Kisha akavuta kiti hadi kwenye mlango wa bwalo, akapanda, akaanza kutafuta tarehe kwenye ukingo wa juu, maana hakukumbuka kama nao aliwahi kuupiga randa. Chai ilipoa vikombeni. Wasichana arobaini walimtazama.

"Hakuna kitu," alisema. Akatazama mara nyingine, toka kona hadi kona, ndipo akashuka.