Kitunguu cha Mama Obita

Kwenye uchochoro wetu wa Kamwokya hakuna mtu anayelizwa na moshi. Wengine mjini wakisikia bomu la machozi limelia wanakimbia na kamasi hadi kidevuni. Sisi tunaendelea kukanda chapati. Mtoto wa kwetu hujua kulowesha kitambaa kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Tena mtu wa kwetu haachwi. Ukimgusa mmoja umechokoza mzinga wa nyuki. Mimi Bonny natania mambo mengi, waulize wanaonijua, lakini hilo sitanii.

Mchana ule vijana walitoka barabarani kudai wenzao waliokuwa wakishikiliwa bila kesi waachiliwe. Walikuwa na mabango ya maboksi na vuvuzela moja iliyopasuka. Polisi wakarusha mabomu ya machozi, vijana wakarudi mbio uchochoroni, na nyuma yao likaingia gari jeupe lisilo na namba, lile la kubebea watu, ambalo mjini tunaliita droni. Likapita juu ya jiko la Mama Obita, likaiacha sufuria yake bapa kama sahani. Mama Obita mwenyewe, jina lake Lakica, hakuwepo. Alikuwa sokoni kutafuta majani ya kunde, kwa sababu kazi yake ni kupika boo, mboga ya kwao Gulu, majani hayo kwa karanga na ufuta, anawauzia watu chakula cha mchana.

Mwanawe Obita alikuwa ameshauruka mtaro. Angekuwa salama. Lakini mtu fulani nyuma yake aliteleza, akazama kwenye tope la mtaro hadi kiunoni, na Obita akageuka. Akainama, akanyoosha mkono, akasema, "Shika, we mjinga, usiangalie nyuma." Yule mtu akashika, akatoka, akakimbia. Obita akabaki bado ameinama, na wanaume wa droni, waliovaa kiraia, wakaushika ule mkono na mwenyewe pamoja nao. Huyo mtu wa mtaroni hajulikani mpaka leo. Mimi siku hiyo nilikuwa Kawempe kwa shangazi.

Lakica alirudi na fungu lake la kunde kichwani, akakuta sufuria bapa na uchochoro umetulia kama msikiti siku ya Jumatatu. Akauliza mlango kwa mlango. Mzee Saverio, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa ndani anatafuta rimoti. Sadik kinyozi alikuwa ameingiwa na nywele za mteja jichoni. Kulusum, mjane wa Kinubi anayesuka vikapu mlangoni pake tangu asubuhi hadi giza, na anayejua nani kanunua nyama na nani kanunua mifupa, alisema muda ule hasa alikuwa ameinama kuokota uzi.

"Uliinama muda wote?" Lakica akauliza.

"Uzi ulikuwa mwembamba, dada."

Kituo cha polisi kikasema hakina mtu wa jina hilo. Kituo cha pili kikasema kiulizwe cha kwanza. Mwishowe Lakica akampata Abalo, wakili kijana wa shirika moja la haki za binadamu, binti wa kwao kaskazini, ambaye alikubali kupeleka ombi mahakamani ili serikali iamriwe kumtoa Obita alipo.

"Lakini watakana, mama," Abalo akamwambia. "Watasema hatujawahi kumshika. Nahitaji mtu mmoja. Mmoja tu, asimame mbele ya jaji aseme, 'Niliona kwa macho yangu.' Bila huyo, kwa karatasi zao mtoto wako hajapotea. Ametoka tu nyumbani."

"Uchochoro mzima ulikuwepo."

"Kale, sawa. Basi mlete mmoja."

Wakati anamtafuta huyo mmoja ilibidi Lakica aendelee kupika, na kupika kunataka sufuria. Akaenda Katwe kwa Marjan, ambaye anayeyusha kila kitu kinachoyeyuka: vyuma vya madirisha, injini za pikipiki, kikombe cha ligi ya mtaa ambacho mshindi wake hakuonekana tena. Marjan akamwonyesha sufuria moja nyeupe, nyepesi, haijawahi kuona moto.

"Hii imetoka kwenye makopo ya mabomu ya machozi," Marjan akasema. "Waokota vyuma waliyaleta kutoka kwenu Kamwokya, baada ya zile fujo. Alumini safi. Ila ina tabia."

"Tabia gani?"

"Mvuke wake unachagua watu."

"Unachagua nani?"

"Waliokuwepo siku ile. Mama, unachukua au huchukui? Nina mteja wa birika hapo nje."

Akachukua.

Siku ya kwanza aliyopika boo ndani yake, mvuke ulipanda kidogo, ukasimama usawa wa vichwa vya watu kana kwamba unatafuta namba ya nyumba, kisha ukaanza kutembea. Ulimpita dereva wa boda aliyetoka Kawempe, ukawapita mafundi bomba wawili wasiojulikana, ukakata kona kwenye duka la Sadik na kuingia. Sadik akatoka na mashine ya kunyolea mkononi, machozi yanamdondoka kwenye shati. Mteja wake akatoka naye, nusu kichwa kimenyolewa, macho makavu, anadai amaliziwe.

"Kitunguu," Sadik akasema.

"Kitunguu kweli," Mzee Saverio akaitikia kutoka barazani kwake, anajipangusa na ncha ya kanzu. Jioni alitangaza kwa kipaza sauti cha mtaa, baada ya tangazo la taka, kwamba vitunguu vya msimu huu ni vikali na wananchi wasiwe na wasiwasi.

Mtu angesema basi, si wangeacha kula pale? Haikuwezekana. Kwao Lakica mtu mwenye neno moyoni juu ya nyumba fulani hali chakula cha nyumba hiyo mpaka neno lisemwe mbele za watu. Alikuwa ametueleza desturi hiyo zamani na tukamcheka, tukamwambia mjini tunakula popote. Sasa hakuna aliyecheka. Asiyekula angekuwa amejitaja mwenyewe. Kwa hiyo uchochoro mzima ulikuja na mabakuli, kila mchana, hata wasiopenda majani. Sadik alivaa miwani ya jua, na machozi yakatokea chini yake. Mzee Saverio alikaa chini ya mwavuli, akaushusha hadi mabegani, na mvuke ukaingia kwa chini kama paka. Mimi nilikuwa nafungiwa changu kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nakula nyumbani kikiwa kimepoa. Sababu za kazi.

Aliyekuwa na macho makavu kati yetu ni Lakica peke yake. Siku ile alikuwa sokoni. Mchana mmoja, watu walipopungua, aliinamia sufuria, akajifunika leso pamoja na mvuke, akangoja. Mvuke ulitoka pembeni ya leso, ukampita kwa adabu, ukaenda kwa Kulusum.

Abalo alikuja siku chache kabla ya kesi. Alikalishwa kwenye benchi, akapewa bakuli. Alikula huku akitazama benchi lote, linalia kwa utulivu, linatafuna.

"Mama, hawa wote?" akauliza.

"Hawa wote."

Abalo akaweka kijiko chini. "Mzee wangu," akamwambia Saverio, "kwa nini unalia?"

"Kitunguu, binti yangu."

"Na wewe, kaka?"

"Kitunguu hichohicho," Sadik akasema. "Tena mimi nina macho mepesi toka utoto."

Abalo akaangalia ndani ya bakuli lake. Akakoroga mara moja, akamwinulia Lakica macho, akafungua mdomo. Lakica akatikisa kichwa kidogo tu. Abalo akafunga mdomo, akamaliza chakula, akaosha mikono.

Siku ya kesi tulijaa mahakamani. Hakuna asemaye hatukwenda. Tulikodi gari, tukavaa vizuri, Kulusum alimshika Lakica mkono tangu mlangoni. Wakili wa serikali akasema mtu huyo hajawahi kushikwa na chombo chochote. Jaji akauliza ni nani aliyeona. Abalo akageuka kutazama viti vyetu, akakaa hivyo muda mrefu. Ndani ya ukumbi hapakuwa na sufuria, kwa hiyo macho yetu yalikuwa makavu kabisa. Kinyozi alikohoa. Ombi likatupwa.

Kesho yake Lakica aliwasha jiko kama kawaida, na mvuke ukafanya kazi yake kama kawaida. Tumeshazoea. Watu hubeba leso mfukoni. Ukipita kwetu mchana utaona uchochoro unalia, unasimulia mpira, unaomba chumvi.

Juzi alikuja Elie, Mkongomani anayeuza vitenge, akakaa, akala matonge mawili, akaangalia kushoto na kulia.

"Yaya," akamwambia Kulusum, yaani dada kwa lugha ya kwao, "juu ya nini bantu bote banalia hapa?"

Kuwaeleza wageni kwa nini watu wote wanalia ni kazi yangu. Nilikuwa nimesimama kando nangoja kaveera yangu, lakini hadithi ikinoga siwezi kuisimulia kwa mbali, nikasogea mpaka kwenye jiko. Nikamwigizia droni inavyounguruma. Nikamwigizia Mzee Saverio na rimoti, mpaka Mzee Saverio mwenyewe akacheka huku analia. Nikamwigizia Obita: nikageuka, nikainama, nikanyoosha mkono juu ya mtaro wa kubuni, nikasema, "Shika, we mjinga, usiangalie nyuma."

Elie alicheka. Kulusum aliacha kusuka.

"Bonny," akasema, "hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Watu wanasema, mama."

"Watu gani? Mimi nilikuwa hapa hapa. Nilimwona amenyoosha mkono, nikaona midomo inacheza. Kwa kelele za mabomu yale sikusikia hata neno moja. Hakuna aliyesikia. Labda aliyekuwa mtaroni."

Ulipita muda kidogo kabla hajatambua alichokisema kuhusu macho yake. Alipotambua aliinama, akaanza kutafuta uzi chini. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Nilitaka kusema Kawempe. Nilitaka kumtaja shangazi, na mtaa, na alichopika siku hiyo. Lakini mvuke ulikuwa umeshafika, na mimi ni mrefu, ulinipata usoni pote kwa mara moja. Yalitoka mengi. Yalikuwa yamengoja.

"Ni kitunguu, Mama Obita," nikasema.

Lakica alikuwa anakoroga. Hakuacha.

"Boo haitiwi kitunguu, Bonny," akasema. "Sijatia hata siku moja."

Mzee Saverio akaushusha mwavuli wake mpaka magotini. Sadik akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Lakica akachukua bakuli, akalijaza, likafuka, akanipa.

"Kula hapa," akasema. "Kaveera zimekwisha."