Bwawa Lililoandikwa Hatari Ndogo

Ndugu msomaji, usinicheke. Nilisinzia kitini baada ya chakula cha mchana, roho imenichafuka, maana asubuhi afisa wa mabwawa alikuja kukagua tuta la udongo alilolijenga marehemu baba kwa ng'ombe na majembe. Aliniuliza, "Mzee Makokha, kuna watu wanaoishi huko chini?" Nikamjibu, "Mahindi tu." Akaandika: hatari ndogo. Loo, ulimi huu! Huko chini anaishi Nabwile, mjane wa mlinzi wangu, na wanawe wanne, na kiwanja nilimpa mimi mwenyewe. Lakini ningesema kweli ningeamriwa kuyafungulia maji yote, na bwawa lile ndilo pekee aliloniachia baba.

Ndotoni nilijikuta katika nchi ya tope isiyo na ndege wala sauti. Mama mmoja mrefu, jina lake Tahadhari, viatu mkononi, alinishika mkono akanipandisha kwenye tuta kubwa. Huko juu alikaa Mazoea, mnene, anatafuna karanga. "Karibu, ndugu yangu! Miaka arobaini halijabomoka, libomoke leo?" Kando yake Fahari alipanda miti tutani apate kivuli, na mizizi ilipooza, maji yakajipenyeza humo kimyakimya. Nikasema, "Lakini tuta ni imara, mama." Tahadhari akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hatari ya bwawa haipimwi kwa ukuta peke yake. Hupimwa kwa wanaolala chini yake. Shuka ukawahesabu." Nikashuka. Nilikuta vitanda vitano topeni, vyote vitupu, na mashuka yangali na joto la watu. Nililia kama mtoto mpaka nikaamka.

Kumbe asubuhi ile nilikuwa nimemfuta Nabwile na wanawe duniani, kikombe cha chai mkononi. Mvua ilikuwa imeanza. Niliteremka mbio hadi kwake, nikamkuta akichambua maharagwe, nikamweleza yote: kwamba nimesema uongo, kwamba nitamwita afisa maji yafunguliwe, na kwamba leo wahamie kwangu. Hakushtuka hata kidogo.

"Sisi tunajua, mzee. Tangu tuje hapa, mvua ikinyesha tunalala kwa zamu. Binti yangu Nekesa akichoka kusikiliza maji, naamka mimi."

"Miaka sita! Mbona hukuniambia?"

Aliinamisha macho. "Ulitupa mahali pa kukaa, mzee. Ningeanzaje kulalamika?"